Malkia Kinina na Sufuria ya Jenerali

Mimi nilitaka kitu kimoja tu katika filme ile: kuweka muguu wangu juu ya kifua cha Muroma. Sikutaka sifa, sikutaka kujulikana mpaka Kindu. Nilitaka Muroma alale chali, mimi nisimame juu yake, muguu wa kuume kifuani, upanga hewani, na watu wa Kabambare waone. Kama wewe unaona hilo ni jambo dogo, basi hujapata kulia miaka makumi mbili na tisa katika Njia ya Musalaba.

Maana mimi Léocadie, muuza mafuta ya mawese ku soko ya Kasongo, kila Ijumaa Kuu nafunga pagne nyeusi kiunoni na kusimama kati ya wanawake wanaolia kando ya njia. Kila mwaka! Katekista ananiambia: "Mama Léocadie, wewe uko na sauti, lia." Nalia. Waroma wanapita na makoti yao mekundu, wanatusukuma na fimbo, mimi nalia tu. Mwaka juzi Muroma mumoja akanikanyaga kidole cha muguu, akacheka. Muroma mwenyewe ni fundi wa viatu! Siku ile nikaapa: mimi kulia mbele ya watu, basi, imekwisha. Na siku moja Muroma atanijua mimi ni nani.

Ndipo akatokea Djamali. Huyu Djamali ndiye anayepiga video za arusi hapa Kasongo, za Wakristo na za Waislamu, na ukimuacha atapiga hata ya mbuzi akizaa. Alikuja mbele ya meza yangu mwezi wa kumi na mbili, akasimama, akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Mama Léo, nimekuona unabeba bidoni mbili za mafuta, moja kila mukono, na papo hapo unamutukana mutu aliye nyuma yako. Nakutaka katika filme."

"Filme gani?"

"Ya wanawake wa vita, zamani za Waroma. Waroma wanakuja kuchoma muji, wanaume wote wanakimbia, wanawake wanashika silaha. Itaonyeshwa Kabambare tarehe nane ya mwezi wa tatu, siku ya wanawake."

"Na mwisho wake?"

"Mwisho unapigana na jenerali wao. Anaanguka. Unamuwekea muguu kifuani."

Nilifunga meza saa ile ile. Wateja walikuwa wamesimama na chupa zao mukononi. Shauri yao.

Kazi ya Djamali iko hivi. Anapiga picha na telefone aliyoifunga juu ya fimbo na kipande cha mupira wa baiskeli. Lakini telefone ile haina masikio; inasikia upepo na majogoo tu. Kwa hiyo sauti zote Djamali anazitia baadaye, chumbani mwake, yeye peke yake: za wanaume, za wanawake, hata za farasi. Farasi wenyewe hatukuwa nao. Waroma walikuja juu ya pikipiki tatu, na Djamali akasema tusiwe na wasiwasi, mulio wa farasi uko mu koo yake.

Majina aliyatoa ku duka ya muke wake anayeuza dawa. Alisema majina ya dawa na ya Waroma yote ni ya kizungu cha zamani, hakuna mutu atakayejua. Hivyo mimi nikawa Malkia Kinina. Jenerali wa Waroma akawa Ampisilinusi. Na Cécilia, muuza makayabo, samaki ya chumvi, ambaye meza yake inatazamana na yangu, akawa musaidizi wangu, Vitamina.

"Mbona yeye Malkia na mimi Vitamina?" akauliza Cécilia.

"Vitamina ni kitu ya heshima," akasema Djamali.

"Vitamina wanapewa watoto!"

Huyo ndiye Cécilia. Tangu siku ya kwanza alikuwa na jicho juu ya kiti changu, na mimi nilikuwa na jicho juu ya jicho lake.

Mavazi ya Waroma yalikuwa yale makoti mekundu ya Ijumaa Kuu. Katekista alituapisha mukono juu ya Biblia kwamba yatarudi safi. Sisi wanawake tulivaa bidoni. Nilizitoa mimi mwenyewe, zile za manjano. Tulizikata, tukatoboa mahali pa kupitisha kamba, zikawa ngao za kifua. Zilinuka mawese kabisa, na nzi wote wa Kasongo wakaingia jeshi pamoja nasi. Mukononi, nyungo za kupepetea muchele. Panga zilikuwa za mianzi.

Jenerali Ampisilinusi alikuwa Serge, kijana wa pikipiki anayepeleka watu Salamabila. Kijana mupana, na cheko yake inasikika ngambo ya soko. Tuseme kweli, nilimupenda. Wiki tatu nzima nilimupiga ungo kichwani, nilimuburuza na koti, nilimuita mbuzi wa Roma, kuku aliyenyonyolewa, na yeye akanijibu bila kuogopa: "Kizee wewe, kesho nitakukaanga ndani ya mafuta yako!" Tulielewana sana. Jioni nikifika nyumbani namuambia binti yangu Nadine: "Yule Serge anajua kuanguka, we!" Nadine anacheka, anaficha uso. Na mimi mupumbavu nikafikiri mutoto anapenda sinema.

Basi siku moja ya Mungu, baada ya misa, nikaona watu wane wanakuja kwangu mumoja nyuma ya mwingine, wamevaa vizuri, wa mbele ameshika kofia mukononi. Wa mwisho alikuwa Serge, na kravati. Mimi ni mujane. Kwa hiyo kaka yangu mukubwa Michel ndiye aliyeketi mahali pa baba. Walisema mengi, walizunguka sana, mwishowe wakasema wameona ua katika nyumba hii. Nadine akaulizwa kama anamujua huyu kijana. Akasema anamujua. Tukapokea mali ya ndoa, nikapiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuuliza. Nilifurahi, usiniulize. Mutoto yangu mumoja tu, na kijana muzuri, mwenye kazi, mwenye adabu.

Mwenye adabu. Hilo ndilo lililoniua.

Kesho yake asubui tulikuwa na sehemu ya kupiga nyuma ya shule. Djamali akainua fimbo yake, akapaza sauti: "Aksio!" Mimi nikatoka na upanga: "Ampisilinusi! Toka, mbuzi wa Roma!"

Akatoka. Akaniona. Akaruka nyuma ya ukuta kama mutu aliyeona nyoka. Ncha ya koti jekundu tu ndiyo iliyobaki inaonekana.

"Jambo, mama," ikasema sauti ndogo toka nyuma ya ukuta.

Nikasimama pale na upanga wangu wa mwanzi hewani. Kwa maana katika jamaa yetu, mama mukwe na mukwe hawaangaliani usoni. Hawashikani mukono, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mumoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Si chuki hata kidogo, ni heshima. Na mimi ndiye ninayewapigia wengine kelele juu ya heshima hiyo! Mwaka uliopita nilimusema Cécilia soko nzima, siku alipopokea samaki mukononi mwa mukwe wake. Sasa Cécilia alikuwa amesimama hapo na bidoni yake kifuani, anang'aa.

"Mama Malkia," akasema, "mbona hupigani?"

Tulijaribu. Djamali akamuweka katikati yetu Emile, mwimbaji wa kwaya aliyekuwa anacheza askari wa Kiroma. Serge akageuza uso kwa ukuta, akasema:

"Emile, tafazali, mwambie mama kwamba kesho asubui nitachoma muji wake wote. Na umuombee samahani."

Emile akanigeukia: "Mama, jenerali anasema atachoma muji. Anaomba samahani."

"Mwambie jenerali nitamukata kichwa," nikasema, na mimi nimegeukia muti. "Na anisalimie mama yake."

"Jenerali, malkia atakukata kichwa. Anasalimu nyumbani."

"Aksanti sana. Mwambie mama yangu naye anamusalimu, muguu bado unamuuma kidogo."

Djamali akaketi chini mavumbini na fimbo yake, akashika kichwa. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Cécilia hana ukwe na Serge."

Cécilia alikuwa ameisha kukunja pagne! Alitafuta muzigo wa makala ya kupikia, akauwekea muguu juu, akainua upanga, akatuuliza kama kidevu kiko juu vya kutosha. Kidevu! Niliona giza. Miaka makumi mbili na tisa ya kulia, wiki tatu za kunuka mawese, na muguu uwe wa makayabo?

"Nipe nafasi moja," nikamuambia Djamali.

"Jumamosi," akasema. "Tunaenda Lusangi kupiga pigano la mwisho. Serge akiweza kulala chini mbele yako, muguu ni wako. Asipoweza, ni wa Vitamina."

Sasa nitasema kitu cha aibu, na nakisema wazi. Nilirudi nyumbani, nikamukuta Nadine anatwanga sombe, majani ya muhogo, nikaketi karibu yake na sauti tamu.

"Nadine, mutoto yangu. Mali ile ya juzi. Haiwezi kurudi kwao kidogo? Mpaka mwezi wa tatu tu. Kisha wanaileta tena, tunapiga vigelegele tena."

Muchi ukasimama hewani.

"Mama. Unataka kuvunja ndoa yangu juu ya muguu?"

"Si kuvunja. Kungojesha."

"Unamutaka nani, Muroma ao mukwe?"

Nilipaswa kujibu mara moja. Sikujibu. Nilikuwa nafikiri, Mungu anisamehe, nilikuwa nafikiri kweli. Nadine aliweka muchi chini, akaingia chumbani, akafunga mulango, na sombe ikabaki mu kinu nusu. Nilijiona mutu mubaya sana. Na bado niliutaka muguu ule.

Aliyetuokoa alikuwa Serge mwenyewe. Kesho yake akamutuma Nadine na shauri. Alisema hivi: atavaa sufuria kichwani kama kofia ya vita, aishushe mpaka puani, hivyo hataniona. Kifuani atafunga kipande cha bati. Mimi nitamupiga na mwanzi, si na mukono. Na muguu nikiuweka, nitauweka juu ya bati.

Tukamupelekea kaka Michel ahukumu. Michel alifikiri akimenya karanga, moja, mbili, tatu.

"Bati si mutu," akasema mwishowe. "Na jicho lisiloona halikuvunja heshima. Endeni. Lakini Léocadie, ukifika karibu naye, ufunge mudomo. Sauti yako hakuna sufuria inayoweza kuizuia."

Nikaahidi. Sufuria nilitoa yangu, ile nzito ya kupikia sombe, kwa sababu kichwa cha Serge ni kikubwa.

Jumamosi tulifika Lusangi na pikipiki, tumejaa udongo mpaka kope, kwani mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Djamali aliichagua Lusangi kwa sababu ya machimbo ya zamani ya zahabu: udongo mwekundu, vilima vilivyokatwakatwa, mashimo kila upande. "Hapa ni Roma kabisa," akasema. Nani alimuambia, sijui. Hata Bukavu hajafika.

Serge alisimama juu ya kilima kidogo, koti jekundu, bati kifuani, sufuria mpaka puani. Alikuwa mutulivu kabisa kwa sababu hakuona kitu. Mimi nilisimama hatua makumi mbili mbali, ungo mukono wa kushoto, upanga mukono wa kuume. Cécilia alikuwa nyuma yangu na wanawake wengine, ananipulizia shingoni.

"Aksio!"

Nikaenda. Nilienda kimya, vizuri, kama nilivyoahidi. Nilisikia bidoni inagonga kifuani, nzi wananifuata, jua liko juu ya upanga wangu, na moyo wangu ukajaa mpaka ukamwagika. Nani anaweza kwenda vitani kinywa kimefungwa? Nilikuwa hatua tatu tu mbele yake nilipopiga kelele na nguvu zangu zote:

"AMPISILINUSIII!"

Serge akasikia mama mukwe karibu naye. Akili yake haikuulizwa. Miguu ndiyo iliamua. Akafanya kile mutoto aliyelelewa vizuri anafanya akikutana na mama mukwe njiani: akageuka, akakimbia kuingia porini. Lakini pale hapakuwa na pori. Pale palikuwa na mashimo.

Alikimbia na sufuria usoni, mikono mbele, akipiga kelele "Samahani, mama! Samahani, mama!" Akaruka shimo la kwanza bila kulijua. La pili akalizunguka, Mungu anajua namna gani. Katika la tatu akaingia kichwa mbele, na tukaona viatu viwili vinapiga hewa.

Wengine walicheka. Mimi pia nilianza kucheka. Kisha viatu vikapunguza kupiga.

Nilitupa upanga. Nilitupa ungo. Niliruka ndani ya shimo lile, maji na matope mekundu yakanifika kifuani, nikamukumbata kiunoni, nikamugeuza, Emile akamuvuta toka juu na mimi nikamusukuma toka chini mpaka akalala pembeni ya shimo. Bati lilikuwa limekatika, limebaki huko ndani. Lakini sufuria ilikuwa kichwani! Ilikuwa imeingia mpaka kidevuni, imejaa matope, imeshika. Ndani yake tulisikia bwa, bwa, bwa. Tumbo lake lilipanda na kushuka bila kupata hewa.

Nikavuta sufuria. Shingo ikaja pamoja nayo. Nikavuta tena, mwili wote ukaja. Basi nikapanda, nikamukanyaga kifuani na muguu wa kuume ili akae chini, nikashika masikio mawili ya sufuria, nikavuta. Nikaona mbele yangu, kama katika ndoto, Nadine na muchi hewani, ananiuliza, na mimi nimenyamaza. Nikapiga kelele, matope yananiingia kinywani: "Usikufe, mutoto yangu! Usikufe!" Nililisema mara ngapi, sijui. Sikuwahi kuogopa vile tangu nimezaliwa.

Sufuria ikatoka na mulio mukubwa, mimi nikaenda kinyumenyume nayo na kumuangukia Cécilia.

Serge akatapika matope. Akavuta hewa. Akafungua macho, akaniangalia moja kwa moja usoni, na mimi nikamuangalia.

"Mama," akasema.

Kisha akakumbuka. Akapapasa chini, akachukua sufuria ile ile, akairudisha kichwani. Mimi nikavuta pagne nikafunika uso. Tulikaa hivyo, yeye ndani ya sufuria, mimi ndani ya pagne, mpaka Cécilia akasema toka chini yangu:

"Na sasa nani amekufa? Filme iko na mwisho ao haina?"

"Chukua mwisho wako," nikamuambia. "Weka muguu, weka hata miwili. Mimi sitaki tena."

Na sikutaka kweli. Lakini Djamali, aliyekuwa juu ya kilima na fimbo yake, akasema hapana, mvua inarudi, makoti ya katekista yamekuwa matope matupu, na mwisho anao tayari. Sikumuuliza mwisho gani. Nilikuwa naangalia kama Serge anapumua.

Huko Kasongo kaka Michel akatuita. Aliniuliza mbele ya wazee wa pande zote mbili:

"Ulimugusa mukwe wako?"

"Nilimugusa."

"Na mukono?"

"Na mukono, na muguu. Na nafikiri nilimukalia kidogo."

Wazee wakaangalia chini. Michel akamenya karanga nyingi siku ile.

"Kama angekufa," akasema, "sasa nani angekukimbia njiani?"

Ikaamuliwa kila upande ulete kuku mweupe, tule, maneno yaishe, na kila mutu arudi ku heshima yake kama zamani. Arusi baada ya Pasaka. Jioni ile nikamufuata Nadine jikoni, nikamuambia: "Uliniuliza Muroma ao mukwe. Mukwe." Akasema: "Umechelewa, mama," lakini alicheka, akanipa kinu nitwange.

Kitu kimoja tu kilinibaki moyoni. Maneno niliyosema pale shimoni, nilimuambia kijana ambaye masikio yake yalikuwa yamejaa matope. Na sasa kuku wameliwa, heshima imerudi. Maisha yangu yote sitaweza tena kumusemesha uso kwa uso.

Tarehe nane ya mwezi wa tatu, sale ya mikutano kule Kabambare ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wanawake walikuwa wamevaa pagne za siku yao, na pagne zingine zilifungwa ku madirisha ili jua lisiingie. Mimi nilikaa mbele kabisa, Cécilia karibu yangu, Nadine nyuma yetu safu chache. Serge alikaa mwisho wa sale, nyuma ya nguzo, kofia mpaka machoni.

Filme ikaanza. Ee, Djamali! Sauti yangu ilikuwa yake, ameibana ikawa ya mwanambuzi. Pikipiki zililia "hiiii" kama farasi mwenye mafua. Wakati Serge anaongea na ukuta na mimi naongea na muti, Djamali alitia sauti za siri, eti ni hila za vita. Watu wa Kabambare wakashika vichwa, wakasema hawa Waroma ni hatari. Vitamina alipigiwa makofi, na Cécilia akasimama kuyapokea.

Kisha ikafika Lusangi. Mimi nakimbia na upanga. Jenerali anatoroka! Sale nzima ikacheka na kupiga kelele: "Mushike! Mushike, Malkia!" Anaingia shimoni. Ninaruka. Na mara, pale juu ya kitambaa cheupe, mukubwa kushinda nyumba yangu, nikaona muguu wangu. Muguu wa kuume. Juu ya kifua cha Muroma. Matope mekundu kila mahali kama damu, mimi nimeinama, navuta, navuta, na toka upande ule Djamali aliposimama huwezi kujua ni sufuria. Unaona mwanamuke anang'oa kichwa cha jenerali na mikono yake miwili.

"Kufa, Muroma!" ikalia sauti ya Djamali. "Kufa! Kufaaa!"

Kichwa kikatoka. Djamali akakata hapo hapo, mimi nimerudi nyuma na sufuria hewani.

Kabambare ikasimama. Wanawake walipiga vigelegele, walipiga miguu, vumbi ikajaa sale, mama mumoja asiyenijua akanishika kichwa akanibusu. Kitu nilichotaka, nilikipata chote, mbele ya watu wote. Lakini mimi sikuwa naangalia muguu. Nilikuwa nimeangalia kinywa changu mu picha. Sauti inasema kufa, na kinywa changu kinasema neno lingine, tena na tena, na hakuna mutu katika sale ile yote anayekisoma.

Makelele yalipopungua kidogo, nikasikia mununguniko unakuja toka nyuma. Watu walikuwa wanapitishiana neno, safu kwa safu, kila mutu anainama sikioni kwa yule wa mbele yake. Lilipita nguzo, likapita katikati, likafika kwa Nadine, na Nadine akakawia nalo kidogo kabla ya kulipitisha. Mwishowe likafika kwa Cécilia. Alisikiliza, akakunja uso, akanigeukia.

"Ni Serge ametuma. Ati: mwambieni Malkia, hata ndani ya sufuria Muroma alimusikia." Akaniangalia. "Alisikia nini?"

Nilifunika uso na pagne yangu mupya ya tarehe nane, na nikalia, mbele ya Kabambare yote.